Sin City: Uaminifu Uliopitiliza

Mwanamke kavaa gauni jekundu, kasimama kwenye roshani juu ya jiji la usiku. Kila kitu kingine kwenye picha ni cheusi, cheupe au kijivu. Mwanamume anatoka ndani, anamwashia sigara, na mwali unapomulika uso, macho ya yule mwanamke yanakuwa ya kijani kwa muda mfupi, kisha rangi inakufa. Wanaongea kidogo. Wanakumbatiana. Bastola yenye kizibo cha sauti inakohoa mara moja, na miili yao inageuka umbo moja jeupe juu ya giza, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Hivyo ndivyo inavyoanza Sin City ya mwaka 2005, na kipande hicho ndicho kilichopigwa picha kabla ya vyote, mwanzoni mwa 2004, kama jaribio. Mwongozaji Robert Rodriguez alimwita Frank Miller, mchoraji wa vitabu vya katuni ambavyo filamu inavifuata, aende Austin, Texas, akaone kwa macho yake kama michoro yake inaweza kutembea bila kuharibiwa. Miller alikuwa na sababu ya kusita. Alishawahi kuiandikia Hollywood na akajua jinsi karatasi zako zinavyoingia ofisini zikiwa zako na kutoka zikiwa za watu wengine. Kilichomlegeza ni kuona kwamba hakuna aliyeandika upya chochote. Ukurasa ulikuwa mezani, kamera ikaufuata.

Sifa ya filamu hii inatoka hapo, na ugonjwa wake pia. Wengi wanaoisifu wanasema ni nzuri kwa sababu ina uaminifu kwa kitabu. Kwangu, uaminifu huo uliipa sura ambayo hakuna filamu iliyokuwa nayo wakati ule, halafu ukainyima mwendo.

Tuanze na sura, maana ndiko kwenye utajiri. Katika vitabu vya Sin City, Miller hakutumia kijivu. Wino na karatasi tu. Mtu aliyesimama kwenye mwanga wa dirisha huchorwa kwa kuacha sehemu za karatasi bila wino, na jicho lako ndilo linalomalizia bega, shavu, ukingo wa kofia. Kamera haifanyi hivyo. Kamera inakusanya kila kitu, hata mkunjo wa shati ambao hakuna aliyeuhitaji, na kazi ya Rodriguez ikawa kufuta.

Waigizaji walipigwa picha mbele ya ukuta wa kijani katika studio yake, kwa kamera za kidijitali, kwa rangi kamili. Seti halisi zilikuwa tatu tu: baa ya Kadie, nyumba ya Shellie, na ujia wa hospitali. Vingine vyote, barabara, misitu, theluji, magari yanayoruka juu ya vilima, vilitengenezwa kwenye kompyuta baadaye. Yeyote aliyewahi kupiga video ya muziki kwa kitambaa cha kijani anajua mlolongo wenyewe. Unamulika kitambaa kwa usawa, pasiwe na upande uliofifia. Unamsogeza mwigizaji mbele mita mbili tatu ili ukijani usimrukie mabegani. Unaandika urefu wa kamera na lenzi iliyotumika, la sivyo mandhari utakayobandika nyuma itakaa kama picha ya studio ya zamani, mtu kasimama mbele ya bango la bahari. Kisha programu inaondoa kijani, na hapo ndipo nywele zinapoanza kukusumbua, kwa sababu kwenye kingo za nywele rangi ya ukuta imeshachanganyika na rangi ya mtu.

Weusi na weupe ulikuwa na faida moja ambayo wanaozungumzia mtindo huwa hawaitaji. Ule ukijani unaobaki kwenye kingo, unaowakosesha usingizi wahariri wa filamu za rangi, ukiondoa rangi unageuka kijivu tu, na kijivu pembeni mwa bega kinafanana na mwanga unaotoka nyuma. Kasoro inajigeuza kuwa taa. Hiyo ni sababu mojawapo ya filamu iliyosheheni majina makubwa kiasi kile kukamilika kwa bajeti ya takriban dola milioni 40, na kuingiza zaidi ya milioni 150 duniani.

Rangi zilizorudishwa ndizo zilizokuwa na gharama ya jasho. Kubakisha gauni jekundu na kuondoa rangi kwingine kote kunasikika rahisi: mwambie kompyuta ashike wekundu. Lakini wekundu umo kwenye midomo, kwenye mashavu, kwenye ncha za masikio. Ukishika wekundu wote, mwanamke anatoka na uso wa mtu aliyeungua. Inabidi gauni lizungushiwe mpaka, na mpaka ule usogee pamoja naye fremu kwa fremu, yaani picha moja baada ya nyingine. Sekunde kumi ni fremu 240. Ndiyo maana rangi kwenye filamu hii inatokea kwa ubahili: kwa wahusika wachache tu, nywele za dhahabu na kitanda chekundu cha Goldie, macho ya buluu ya Becky, viatu vyekundu vya Dwight. Ubahili huo ukaifaa hadithi. Rangi inapotokea, unajua kuna mtu anatamaniwa, au kuna mtu wa kuogopwa.

Damu ilihitaji hila nyingine. Damu ya kawaida ya filamu, ukiondoa rangi, inakuwa kijivu kizito kinachokaribia weusi, na juu ya koti jeusi haionekani kabisa. Miller aliichora nyeupe. Kwa hiyo wakatumia kimiminika chekundu kinachong'aa chini ya taa ya urujuani, ili kompyuta ikitambue mara moja na kukigeuza kuwa cheupe kitupu, bila kukichanganya na nguo. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mtu anachanwachanwa na unachoona ni kama chokaa imemwagika. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu chokaa ile ina bei yake.

Na yule mhalifu mwenye ngozi ya manjano, aliyeigizwa na Nick Stahl, hakupakwa manjano. Manjano kwenye kamera ni wekundu na ukijani kwa pamoja. Mweke mtu wa manjano mbele ya ukuta wa kijani na programu itamla nusu ya uso. Alipakwa buluu, akakatwa kutoka kwenye kijani bila taabu, kisha buluu ikabadilishwa kuwa manjano. Nampongeza aliyewaza hivyo kuliko ninavyompongeza yeyote aliyeandika mazungumzo ya filamu hii.

Kuna jambo la kiofisi linaloeleza roho ya mradi mzima. Rodriguez alitaka jina la Miller liandikwe kama mwongozaji mwenzake, kwa hoja kwamba picha zote zilishapangwa na Miller kwenye kurasa. Chama cha waongozaji cha Marekani kikakataa, kwa kuwa kanuni zake zinamtambua mwongozaji mmoja kwa filamu, isipokuwa jozi zilizoidhinishwa. Rodriguez akajiuzulu uanachama, na kwa kujiuzulu akapoteza filamu kubwa aliyokuwa ameshapangiwa na studio nyingine. Quentin Tarantino naye akaongoza kipande kimoja, kile cha Dwight akiendesha gari usiku huku maiti ya adui yake Jackie Boy ikimsemesha, kwa malipo ya dola 1, akilipa fadhila ya muziki ambao Rodriguez alimtungia kwa bei hiyohiyo. Mtu aliyetoa kadi yake ya chama ili mchoraji aheshimiwe hakutarajiwa kuanza kumkatia mchoraji kurasa.

Na hapo ndipo mambo yanapoanza kukwama.

Ukurasa wa katuni hauna saa. Msomaji ndiye saa. Katika The Hard Goodbye, hadithi ya Marv, jitu linalolipiza kisasi cha Goldie, iliyotoka kwa vipande kuanzia 1991, kuna kurasa anazotembea kwenye mvua, na mwili wake wote umechorwa kwa michirizi myeupe ya maji, hakuna zaidi. Unaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja dakika nzima, unaweza kuupita kwa nusu sekunde. Maandishi yamekaa pembeni, yanasubiri. Filamu inaichukua picha ileile, inaipa sekunde zake, na sekunde hizo haziwezi kuwa sahihi kwa kila mtu. Zikiwa chache, mvua inakuwa pambo. Zikizidi, unaanza kuangalia saa ya mkononi. Waongozaji wanaojua kazi wanalitatua hili kwa kutengeneza mwendo mpya, wa filamu, unaozaa hisia ileile kwa njia nyingine. Rodriguez alijizuia. Orodha ya majina ya watengenezaji kwenye filamu inasema kwamba yeye ndiye aliyepiga picha na kukata, na haitaji mwandishi wa skripti. Aliweka vitabu mahali pa skripti, visanduku vya michoro mahali pa mpango wa kamera.

Madhara yake yanasikika kabla hayajaonekana. Karibu kila tukio lina sauti ya mhusika akijisimulia. Kwenye kitabu, maneno yale na picha vinaingia akilini kwa wakati mmoja, na Miller anajua kuvipishanisha: maandishi yanasema hili, mchoro unaonyesha lile. Kwenye filamu vinagongana. Hartigan, askari mzee wa Bruce Willis, anatueleza kwamba moyo unamsaliti, na wakati huohuo Willis kashika kifua, kakunja uso, kapiga goti. Tumeambiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilitosha, na kama ningechagua, ningemwachia Willis uso wake tu. Kwa waliozoea vibanda vya video, ambako mtafsiri anazungumza juu ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, hii ni filamu inayokuja na mtafsiri wake ndani, na haimpi wa kibandani nafasi ya kupumua.

Tatizo la pili ni hesabu. Filamu ina hadithi tatu ndefu: ya Marv, ya Dwight iliyotoka 1994 hadi 1995, na ya Hartigan ya 1996. Aliyezisoma zilipokuwa zinatoka alikaa miezi, pengine miaka, kati ya moja na nyingine. Filamu inazipanga ndani ya dakika 124. Ya Hartigan imekatwa vipande viwili, kimoja mwanzoni na kingine mwishoni, Marv na Dwight wakiwa katikati. Ukizipanga hivyo karibukaribu, unaona wazi kwamba ni hadithi moja inayobadilisha koti. Mwanamume mwenye mwili uliochoka anajisimulia kwa sauti ya chini. Kuna mwanamke wa kulinda au wa kulipiziwa kisasi. Kuna mwenye cheo asiyeguswa na sheria. Kuna kipigo, kukatwakatwa, kifo au kitu kinachokaribia kifo. Kwenye rafu ya vitabu huo ni ulimwengu wenye ladha yake. Kwenye kiti cha sinema ni wimbo mmoja uliopigwa mara tatu, na mara ya tatu hata damu nyeupe haishtui tena. Hiyo ndiyo bei ya chokaa. Kinachoonekana kama pambo hakiumi, na saa ya pili inapofika watazamaji wanacheka mahali ambapo kitabu kilikuwa kinakunja tumbo.

Dawa ya sehemu ipo. Toleo refu la DVD lililotoka mwishoni mwa 2005 lilizitenganisha hadithi, kila moja na jina lake, mwanzo wake na mwisho wake. Anayetaka kuitazama filamu hii leo na aanze na hilo, na asimalize zote usiku mmoja. Hadithi ya Hartigan hasa inapona. Ikiwa haijakatwa, ile miaka 8 ya jela inapata uzito, na unaelewa kwa nini mzee huyo anamkimbia binti aliyemwokoa badala ya kumkimbilia.

Ukuta wa kijani nao una deni lake, na hapa weusi na weupe haukusaidia. Mtu aliye peke yake mbele ya kijani hana sakafu, hana ukuta, wakati mwingine hana mwenzake. Marv wa Mickey Rourke anapambana na Kevin wa Elijah Wood katika mojawapo ya mapigano yanayokumbukwa zaidi, ilhali waigizaji hao wawili hawakukutana mpaka upigaji picha ulipokwisha. Kila mmoja alipigana na hewa siku yake. Tazama kipande hicho kwa utulivu na utaona ngumi zinakwenda mahali ambapo mwili ulipaswa kuwa, kisha picha inakatwa haraka, au inasogezwa mbali hadi wote wawili wanakuwa maumbo tu. Kwa mapigano inapita. Kwa mazungumzo haipiti. Macho ya watu wanaosemezana yanatofautiana kidogo tu, nyuzi chache, lakini jicho la mwanadamu limefunzwa tangu utotoni kujua nani anamtazama nani. Ndiyo maana matukio ya baa ya Kadie yana joto ambalo mengine hayana. Kuna kaunta ya kuegemea. Kuna glasi yenye uzito.

Rourke ndiye aliyeweza kuyashinda yote haya. Kabandikwa uso wa bandia, kipaji cha uso na pua vimenyooka kama mchoro, na bado chini ya mpira ule kuna mtu. Ujanja wake ni kupunguza. Maneno ya Miller yana mbwembwe za riwaya za uhalifu za zamani, na waigizaji kadhaa wanayatamka kwa mbwembwe hizohizo, wakiyaongezea chumvi ambayo tayari imo. Rourke anayasema kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nusu ya umaarufu wa filamu hii ni wake.

Kuhusu wanawake sitazunguka. Karibu wote ni makahaba, wacheza dansi wa baa au wahudumu, na yule mwenye taaluma, afisa anayemsimamia Marv, anatumia muda mwingi akiwa hana nguo. Utetezi wa kawaida ni kwamba filamu za uhalifu za miaka ya 1940 zilikuwa hivyo. Hazikuwa hivyo. Wanawake wa filamu zile walikuwa na mipango, walidanganya kwa akili, waliwazidi wanaume hesabu. Hapa Gail wa Rosario Dawson anapewa bunduki na ukali, lakini mpango unabaki wa Dwight. Kitabu kinaweza kujitetea kwamba tunaona kila kitu kwa macho ya mwanamume anayejisimulia. Kamera ikishamwonyesha mtu halisi, utetezi huo unapungua nguvu, kwa sababu sasa aliyesimama pale ni mtu, si mstari wa wino wa Marv.

Kabla sijasahau, neno kwa watazamaji wa nyumbani. Filamu hii inakufa kwenye chumba chenye mwanga. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wake ni rangi ya ukuta wako, na taa ikiwaka, nusu ya picha inakuwa kijivu cha maziwa. Kwenye televisheni zima ule mpangilio unaoongeza na kupunguza mwanga wenyewe, maana ukiona weusi mwingi unadhani picha imeharibika na unajaribu kuirekebisha. Na faili lililobanwa sana lisikupotezee muda: mahali penye giza linazaa vigae vinavyotetemeka, na giza ndilo eneo kubwa la filamu yenyewe.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tamasha la filamu la Cannes lilimpa Rodriguez tuzo ya ufundi mwaka huohuo wa 2005 kwa jinsi alivyoiunda picha, na baada ya hapo kila studio ikawa na ukuta wake wa kijani. Miller mwenyewe aliongoza The Spirit mwaka 2008 kwa mtindo uleule, na fedha hazikurudi. Mwendelezo, A Dame to Kill For, ulikuja 2014, miaka tisa baadaye, ukaingiza kiasi ambacho hakikufikia gharama ya kuutengeneza. Uliongezewa picha za pande tatu (3D), uamuzi ambao mpaka leo siuelewi: mtindo ambao nguvu yake yote ni ubapa, weusi usio na kina, unaupeleka kwenye teknolojia ambayo kazi yake ni kuonyesha kina.

Hapa mtu anaweza kunibana. Mwendelezo ule ulikuwa na hadithi mbili ambazo Miller alizitunga kwa ajili ya filamu, hazikuwa na kitabu cha kufuata, na ndizo zilizokuwa dhaifu zaidi. Je, si ushahidi kwamba ukurasa ndio uliokuwa unaibeba ile ya kwanza? Hoja ni nzuri. Ila ukizitazama hadithi hizo mbili, utaona zimetungwa kama kurasa ambazo hazikuwahi kuchorwa. Kuna sauti ya msimulizi, mkao wa kupigia picha, kisasi, damu. Walikuwa wameachiwa kamba na bado wakazunguka kigingi kilekile.

Filamu ya kwanza, kwa upande wake, iliwahi kuitoka kamba mara moja, na inafaa kutazamwa kwa makini. Ni mwishoni kabisa. Becky, msichana wa macho ya buluu aliyewasaliti wenzake, yuko kwenye lifti ya hospitali, mkono umefungwa, anaongea na mama yake kwa simu. Tukio hilo halimo vitabuni. Mlango unafunguka, anaingia yule mwanamume wa roshani, anamwita kwa jina na kumnyooshea sigara. Hakuna anayetueleza anachofikiri. Becky anamtazama, anaelewa, anamwambia mama yake kwamba anampenda, na anakata simu.